Mwananchi na Sheria: Pikipiki, Soma Kabla ya Kulipa

Pamba imepimwa. Malipo yametoka. Hiki ndicho kipindi ambacho pikipiki za kuuzwa huingia vijijini.

Mtu anakuja na pikipiki inayong'aa. Anaiegesha chini ya mwembe. Watoto wanaizunguka. Anasema, "Bei hii ni ya leo tu. Kesho naipeleka kijiji cha pili." Moyo wako unakwenda mbio. Mkono unakwenda mfukoni.

Ngoja kwanza. Wewe una kitu ambacho muuzaji mdanganyifu hakutegemea kukuta. Wewe unajua kusoma.

Pikipiki ina maandishi mahali patatu. Yapo kwenye chuma chake. Yapo kwenye kadi yake. Na yapo kwenye kofia ngumu ya mtu anayeipanda. Mwezi huu tutajifunza kuyasoma maandishi hayo. Chuma na kadi vitalinda fedha zako. Kofia italinda kichwa chako.

PIKIPIKI NA SKUTA

Sheria zinazohusu pikipiki zinahusu skuta pia. Skuta ni pikipiki yenye magurudumu madogo na mahali pa kuweka miguu mbele ya kiti. Skuta inayojulikana sana kwetu ni Vespa. Ilianza kutengenezwa na kiwanda cha Piaggio, huko Italia, mwaka 1946. Zanzibar na Dar es Salaam watu wameizoea tangu zamani.

Skuta inafaa kwenye lami. Kwenye njia ya kijiji yenye mashimo, gurudumu dogo huzama upesi kuliko kubwa. Ndiyo maana vijijini tunaona pikipiki zaidi kuliko skuta. Lakini ukinunua chochote kati ya hivyo viwili, mambo ya kukagua ni yale yale.

SAFARI YA PIKIPIKI KUJA KWETU

Pikipiki nyingi tunazoziona zimetoka India na China. Nyingine zimetoka Japani. Huja kwa meli. Nyingi huja zikiwa vipande ndani ya masanduku, kisha mafundi huziunganisha hapa nchini.

Bandarini kuna mlango wa sheria. Mlango huo una walinzi wawili.

Mlinzi wa kwanza ni Mamlaka ya Mapato Tanzania, yaani TRA. Kazi yake ni kutoza kodi. Maofisa wa forodha huangalia bei ya kununulia, nauli ya meli na bima ya safari. Hujumlisha vyote vitatu. Juu ya jumla hiyo huweka ushuru wa forodha. Kisha juu ya hapo huweka kodi ya ongezeko la thamani. Hivyo kodi hukaa juu ya kodi, kama tofali juu ya tofali. Sheria ya forodha inayotumika ni ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ya mwaka 2004. Viwango vya kodi huweza kubadilika kila bajeti, na mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai. Kwa hiyo bei ya mwaka jana si lazima iwe bei ya mwaka huu.

Mlinzi wa pili ni Shirika la Viwango Tanzania, yaani TBS. Shirika hili liliundwa kwa sheria ya mwaka 1975. Kazi yake ni kuangalia ubora. Breki isiyoshika huua. Tairi bovu huua. Kofia ya plastiki laini huua pia, maana humpa mtu moyo wa bure. Tangu mwaka 2012 bidhaa nyingi hutakiwa kukaguliwa huko huko zinakotoka, kabla ya kupakiwa melini.

Pikipiki iliyopita kwenye mlango huo husajiliwa. Hupewa kadi na kibao cha namba. Kwa Tanzania Bara, namba ya pikipiki huanza na herufi MC.

Lakini zipo pikipiki ambazo hazikupita mlangoni. Zimepita porini, usiku, kwa njia za mpakani. Hizo ni za magendo. Nyingine ziliibwa mjini na kuletwa kijijini, mahali ambapo mwizi anadhani hakuna atakayesoma. Hizo ndizo mara nyingi huuzwa kwa "bei ya leo tu".

SOMA CHUMA

Sasa inama uangalie. Kila pikipiki ina namba ya fremu. Mafundi wengi huiita namba ya chesesi. Imegongwa juu ya chuma chenyewe. Mara nyingi iko shingoni, pale usukani unapoingia. Zungusha usukani kulia na kushoto, utaiona. Ikiwa kuna tope, lifute kwa kitambaa.

Pikipiki nyingi za siku hizi zina namba yenye herufi na tarakimu 17. Hesabu kwa kidole, moja moja, hadi 17. Zile za zamani sana zina namba fupi zaidi. Baadhi ya zile zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani nazo zina namba fupi.

Katika namba hii ya 17, kuna herufi tatu zisizotumika kabisa. Herufi hizo ni I, O na Q. Sababu yake ni rahisi. Herufi I inafanana na tarakimu 1. Herufi O na Q zinafanana na sifuri. Waliotunga utaratibu huu waliogopa watu kuzichanganya. Basi ukiona duara katika namba ya chuma, jua kuwa ni sifuri.

Herufi za mwanzo husema pikipiki ilitengenezwa wapi. Ikianza na L, imetoka China. Ikianza na J, imetoka Japani. Ikianza na MA, MB, MC, MD au ME, imetoka India. Vespa ya Italia huanza na ZAP. Mtu akikuambia, "Hii ni ya Japani, ndiyo maana bei yake kubwa," na chuma kinaanza na L, basi chuma ndicho kinachosema kweli.

Angalia pia hali ya chuma chenyewe. Je, kimepigwa tupa? Je, rangi ya hapo ni mpya kuliko rangi ya pembeni? Je, tarakimu zimepinda, moja juu na nyingine chini? Kiwandani hugongwa kwa mashine, na mstari wake huwa umenyooka.

Kisha tafuta namba ya injini. Imegongwa ubavuni mwa injini, upande wa chini. Iandike kwenye karatasi pamoja na ile ya fremu.

SOMA KADI

Sasa mwambie muuzaji akupe kadi ya pikipiki. Asiseme, "Kadi iko nyumbani, nitakuletea." Kama kadi haipo, biashara haipo.

Kadi ina namba ya kibao. Ina namba ya fremu. Ina namba ya injini. Ina jina la mwenye mali. Weka karatasi yako kando ya kadi. Linganisha tarakimu moja baada ya nyingine. Usitosheke na kuona kwamba "zinafanana".

Tuchukue mfano. Kijana mmoja ameuza pamba. Dukani pikipiki mpya ni shilingi 3,000,000. Mtu amemletea nyingine, karibu mpya, kwa shilingi 1,700,000. Kijana anakwenda kumwita mjomba wake, ambaye amehitimu darasa la kisomo mwaka jana.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unahema?"

"Mjomba, nimepata pikipiki ya bei rahisi. Njoo uwe shahidi wangu nilipe."

"Nitakuja. Lakini nipe kwanza karatasi na kalamu."

Mjomba anafika. Anamsalimu muuzaji kwa heshima. Kisha anapiga magoti kando ya pikipiki na kuanza kuandika. Muuzaji anacheka. "Mzee, unatafuta nini kwenye matope?" Mjomba hajibu. Anamaliza kuandika, anaomba kadi, anaweka kidole hapa, anaweka kidole pale.

"Mwanangu, soma mwisho wa namba ya kwenye kadi."

"Nne, saba, moja."

"Sasa soma mwisho wa namba ya kwenye chuma."

"Nne, moja, saba."

Hapo muuzaji anakumbuka kuwa ana safari.

Ndugu msomaji, kama kijana angelipa, nini kingetokea? Siku moja polisi au ofisa wa forodha angeisimamisha pikipiki ile. Namba zingekataa. Pikipiki ingechukuliwa. Mali ya magendo hutaifishwa. Mali ya wizi hurudishwa kwa mwenyewe. Kijana angebaki bila pikipiki na bila fedha za pamba, na zaidi ya hayo angetakiwa kueleza aliipata wapi. Msimu mzima wa jembe ungekuwa umepotea kwa sababu ya tarakimu mbili zilizopishana.

LIPA KWA UTARATIBU

Namba zikilingana, bado usilipe chini ya mwembe. Fanya mambo haya manne.

Kwanza, soma jina lililo kwenye kadi. Je, ndilo jina la huyo anayeuza? Kama silo, mwenye jina na aje mwenyewe. Maneno kama "ni ya kaka yangu" hayatoshi.

Pili, nendeni wote wawili ofisi ya TRA iliyo karibu. Waombe wahakiki kadi hiyo kwenye kumbukumbu zao.

Tatu, andikianeni mkataba wa mauziano mbele ya mashahidi. Andika namba zote mbili ndani ya mkataba, bei na tarehe. Usome mkataba wote kabla ya kutia sahihi. Usiweke dole gumba mahali ambapo unaweza kuandika jina lako.

Nne, badilisha umiliki ili kadi iwe na jina lako. Watu wengi huliacha jambo hili. Husema, "Kadi ninayo, inatosha." Haitoshi. Kama kadi ina jina la mwingine, kwenye kumbukumbu za Serikali pikipiki bado ni ya huyo mwingine. Malipo ya Serikali hulipwa kwa namba ya malipo, benki au kwa simu, nawe hupata risiti. Hayalipwi mkononi kwa mtu.

Liko jambo jingine la kukumbuka. Zamani kila chombo kililipiwa leseni ya barabara kila mwaka. Ada hiyo ilifutwa mwaka 2017, na badala yake ushuru uliongezwa kwenye mafuta. Kwa hiyo unailipa kila unaponunua petroli. Mtu akija leo kukudai ada ile ya zamani, mwombe akuonyeshe ilipoandikwa.

Lakini bima haikufutwa. Bima ni lazima kwa sheria. Ile ya chini tunaiita bima ndogo. Bima ndogo haitengenezi pikipiki yako. Humlipa mtu mwingine uliyemwumiza. Fikiri umemgonga mama aliyebeba kuni. Bila bima, matibabu yake yatatoka kwenye ng'ombe wako au shamba lako.

Na leseni ya udereva ni lazima. Madaraja ya leseni za pikipiki huanza na herufi A. Kujua kuendesha baiskeli si kujua sheria za barabarani.

UKITAKA KUBEBA ABIRIA

Zamani pikipiki haikuruhusiwa kubeba abiria wa kulipa. Baadaye sheria ilibadilishwa, na mwaka 2010 zikatungwa kanuni za leseni za pikipiki na bajaji za biashara. Tangu mwaka 2019 leseni hizo zinasimamiwa na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, yaani LATRA.

Kanuni zinasema abiria ni mmoja tu. Kupakia mishikaki, watu wawili au watatu nyuma ya dereva, ni kosa. Kanuni pia zinakataza kumbeba mtoto aliye chini ya miaka 9. Mzazi, jambo hili linakuhusu wewe. Dereva anapofika asubuhi kuwachukua watoto watatu kwenda shule kwa safari moja, ni wewe unayewapandisha.

Mahali penye makazi ya watu mwendo usizidi kilomita 50 kwa saa. Kijiji chako ni mahali penye makazi ya watu. Kuku, mbuzi na watoto hawasomi alama za barabarani.

SOMA KOFIA

Sasa tunafika kwenye maandishi ya tatu. Ndugu msomaji, fedha zikipotea, utalima tena. Kichwa hakina msimu wa pili.

Mwaka 1935 huko Uingereza, mwanajeshi maarufu, T. E. Lawrence, alikuwa akiendesha pikipiki. Akawakuta vijana wawili wa baiskeli mbele yake. Akawakwepa, akaanguka. Hakuwa na kofia ngumu. Baada ya siku sita akafa. Mmoja wa madaktari waliomhudumia alikuwa Hugh Cairns, bingwa wa upasuaji wa ubongo. Daktari huyo hakulisahau jambo lile. Aliwachunguza askari walioanguka na pikipiki wakati wa vita. Mwaka 1941 aliandika kwamba waliovaa kofia ngumu walipona zaidi. Mwaka huo huo jeshi la Uingereza likaamuru waendesha pikipiki wake wavae kofia. Raia wa Uingereza walilazimishwa kwa sheria mwaka 1973.

Na sisi? Mwaka huo huo wa 1973 Bunge letu lilipitisha Sheria ya Usalama Barabarani. Sheria hiyo inamtaka mwendesha pikipiki avae kofia ngumu. Kanuni za 2010 za pikipiki za biashara zinataka abiria naye avae.

Je, kofia inasaidia kweli? Mwaka 2008 wataalamu walijumlisha uchunguzi mwingi uliofanywa katika nchi mbalimbali. Waliona kuwa kofia hupunguza vifo kwa asilimia 42, na hupunguza majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Maana yake ni hii: kati ya watu 10 ambao wangekufa bila kofia, wapatao 4 wangepona kama wangeivaa.

Kofia hufanyaje kazi? Ina ganda gumu nje. Ndani yake lipo sponji gumu, jeupe au jeusi. Kichwa kinapogonga chini, sponji hilo ndilo linalopondeka badala ya fuvu lako. Kwa sababu hiyo, kofia iliyokwisha kugonga chini kwa nguvu haifai tena. Sponji lililopondeka halirudi. Hata kama nje inang'aa, kazi yake imekwisha.

Kofia ya fundi wa ujenzi si kofia ya pikipiki. Ile imetengenezwa kumkinga mtu na kitu kidogo kinachoanguka kutoka juu. Haikutengenezwa kwa kichwa kinachogonga barabara.

Unapoinunua, isome. Geuza uangalie ndani, kwenye mkanda na nyuma. Tafuta alama ya viwango. Alama moja inayotumika katika nchi nyingi ni herufi E kubwa ndani ya duara, na pembeni yake tarakimu ya nchi iliyoipima. Kofia za India zenye kiwango huwa na alama ya ISI. Kofia isiyo na alama yoyote, wala sponji gumu ndani, ni chombo cha kumdanganya askari. Barabara haidanganyiki.

Kisha ivae. Ikubane kidogo. Tikisa kichwa, isicheze. Funga mkanda wa kidevuni. Mkanda usipofungwa, kofia itaruka kabla kichwa hakijafika chini.

"LAKINI SAFARI NI FUPI"

Tunazijua sababu. Wengine husema, "Joto linanisumbua." Wengine, "Kofia ya dereva imevaliwa na watu wengi." Kina mama husema, "Itaharibu nywele zangu." Wazee husema, "Nakwenda hapo tu, kisimani."

Joto ni kweli, lakini kidonda cha kichwa kina joto zaidi. Kuhusu uchafu, chukua kitambaa chako safi, funga kichwani, kisha vaa kofia juu yake. Nywele husukwa tena. Na kuhusu safari fupi, jiwe lililoko njia ya kisimani ni gumu sawa na lile la barabara kuu.

Wako pia wanaosema, "Kijijini hakuna askari." Ni kweli, pengine hayupo. Lakini kijijini hakuna hospitali kubwa pia. Anayeanguka mjini hufikishwa kwa daktari upesi. Anayeanguka kwetu hubebwa mwendo mrefu kwanza. Basi mwenye haja kubwa zaidi ya kofia ni nani? Ni sisi.

Ndugu msomaji, muuzaji akisema bei ni ya leo tu, mjibu kwa upole: "Ahsante, ndugu yangu. Nipe dakika chache nisome." Muuzaji mwaminifu atakungoja. Asiyengoja amekwisha kukujibu.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Pikipiki ya magendo ni nini? Mnunuzi wake hupata hasara gani?

2. Herufi gani tatu hazitumiki katika namba ya fremu ya herufi na tarakimu 17? Kwa nini?

3. Nendeni wote kwenye pikipiki moja ya kijijini, kwa ruhusa ya mwenyewe. Andikeni namba ya fremu na ya injini. Linganisheni na kadi.

4. Chukueni kofia moja. Je, ina sponji gumu? Ina mkanda? Ina alama ya viwango?

5. Watoto wa kijiji chenu wanakwenda shule kwa chombo gani? Wazazi mnaweza kukubaliana nini?

Ukimaliza kusoma ukurasa huu, msomee jirani ambaye bado hajajua kusoma. Huenda ni yeye anayengojewa chini ya mwembe kesho.